Msikilizaji wa Kabiru

"Hata uniamshe usingizini uniwekee bunduki hapa," Kabiru alisema, akijigonga paji la uso kwa kidole chenye povu la sabuni, "nitakusomea nusu ya msahafu bila kukwama. Juzuu zangu hazina kutu, buda. Ziko humu ndani zimepangwa kama mbao za Elburgon."

Alikuwa amekaa penye mifereji ya kutawadhia, suruali ameikunja hadi magotini, na hadhira yake ilikuwa ya watu wawili: Kipkoech, aliyelala naye chumba kimoja, na paka wa msikiti. Paka aliondoka mapema.

"Sawa, Sheikh Mbao," Kipkoech akamwambia. "Basi leo baada ya Alasiri nikusikilize."

"Nisikilize. Na ulete maji ya kunywa, maana utachoka kabla yangu."

Mtu asiyeijua madrasa ile ndogo ya bweni, si mbali na mtaa wa Section 58 mjini Nakuru, huenda akadhani huo ulikuwa mzaha wa vijana tu. Lakini pale kusikilizwa ndiko kulikokuwa kila kitu. Hakuna aliyekwenda kwa Maalim na hifdhi yake mkononi kama mtu anayepeleka kuku sokoni. Ulimsomea mwenzako kwanza, magoti kwa magoti, yeye ameshika msahafu na wewe umeshika roho yako. Akiridhika, alisema neno moja mbele ya Maalim, "Nimemsikiliza," na Maalim akalipokea. Hakukujaribu tena. Kwa Maalim Kiplimo, kumpima upya mtu aliyekwisha kushuhudiwa ilikuwa sawa na kumwambia shahidi usoni kwamba ni mwongo.

Na mwaka ule Kabiru alilihitaji neno hilo kuliko wali. Babake, Mzee Kiarie, alikuwa mpasuaji mbao kule Elburgon, na yeye na wenzake wachache walikuwa wamejijengea msikiti kwa masalio ya mbao na mabati yaliyotumika. Kila Ramadhani walisali tarawehe kwa zile sura fupi za mwisho, zikienda zikirudi, kwa sababu hawakuwa na mtu aliyehifadhi zaidi ya hapo. Sasa Mzee Kiarie alikuwa ametangaza kwamba mwanawe atakuja kuwasalisha kwa juzuu nzima nzima. Alitangaza msikitini, akatangaza kwenye mashine ya mbao, akatangaza mpaka mchungaji wa kanisa la jirani akamshika mkono na kumpa hongera. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: ruhusa ya Maalim Kiplimo. Bila hiyo, Kabiru hangesimama mbele ya safu yoyote.

Basi baada ya Alasiri wakakaa, magoti kwa magoti. Kabiru akaanza Sura ya Shu'araa kwa sauti nzuri kweli, sauti ambayo hata shetani angeivulia viatu. Sasa, kisa cha Musa na wachawi wa Firauni kimesimuliwa mahali pengi katika msahafu, na aya zake zinafanana kama mapacha waliovalishwa nguo moja. Wenye hifdhi wote wanaujua mtego huo. Wachawi walipoanguka kusujudu na kutaja jina la Mola wao, Kabiru akamtanguliza Harun mbele ya Musa, na papo hapo treni ikahama reli. Alikuwa ameingia Shu'araa, akatokea Taha.

"Rudi," Kipkoech alisema.

Akarudi. Akafika palepale, Harun akatangulia tena.

"Rudi."

Mara ya tatu hata Taha hakuifikia. Alisimama katikati ya aya kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

"Buda," Kipkoech akafunga msahafu polepole, "hii si kutu. Hii ni shimo."

"Aah, ni usingizi. Wewe sema tu umenisikiliza."

"Nimekusikiliza. Hiyo ndiyo shida."

"Kipkoech, manze. Ni neno moja."

"Ni neno moja, na mimi ndio nitaulizwa siku ya kuulizwa, si wewe. Kaa chini urudie. Bado kuna wakati."

Wakati ulikuwapo. Hilo lisemwe wazi, asije mtu akamwonea Kabiru huruma ya bure. Mwezi wa Shaabani, ule wa kabla ya mfungo, ulikuwa bado haujafika katikati, na mtu mwenye kichwa kama chake angeliziba shimo lile kwa juma moja la kutoa jasho. Lakini kurudia ni kazi ya watu wasio na mdomo. Kabiru alikuwa na mdomo.

Maalim Kiplimo alikuwa amekaa barazani akiota jua. Alikuwa mzee wa Kikalenjini aliyesoma pwani miaka mingi na kurudi na Kiswahili kilichopigwa pasi, na alipokuangalia ulihisi kola yako imekaa vibaya.

"Kabiru. Umefika wapi na juzuu ya kumi na tisa?"

"Nimeimaliza, Maalim. Hiyo na zote zilizo chini yake."

"Nani amekusikiliza? Kipkoech?"

"La, Maalim. Kipkoech ana mambo mengi siku hizi. Amenisikiliza jamaa mmoja wa nje. Anaitwa Nuhu."

"Nuhu nani?"

"Nuhu Kang'ethe. Wa Subukia." Jina lilikuja lenyewe, na likaja na watu wake. "Amekuja kukaa kwa shangazi yake hapa Section 58. Amehifadhi yote, Maalim. Msahafu mzima. Huko huko Subukia, akichunga ng'ombe wa maziwa."

Uso wa Maalim ukachanua kama wa mtu aliyeletewa mjukuu. Hapo ndipo ubaya wa uongo mzuri ulipo: unawapa watu raha, na ukishawapa huwezi kuwanyang'anya.

"Mashaallah! Kutoka Subukia! Mbona sijamwona katika safu?"

"Ni mtu wa haya, Maalim. Anaswali nyuma kabisa, anatoka kabla watu hawajageuka. Viatu vyake anavishika mkononi, aliwahi kuibiwa."

"Na mnasomea wapi?"

"Darasa la zamani. Kule hakuna kelele."

Maalim akainua nyusi. Darasa la zamani lilikuwa limeshikamana na ukuta wa msikiti upande wa kibla, na halikuwa na mtu tangu mvua kubwa zile, ardhi ya Nakuru ilipofunguka kama inavyofunguka ikichoka kubeba watu, na sakafu ikapasuka kutoka ukuta hadi ukuta. Mlango ulifungwa kwa waya tu.

"Mle mna ufa, mwanangu."

"Mimi nakaa upande huu wa ufa, Maalim, yeye anakaa upande ule. Kila siku baada ya Alasiri."

"Basi siku ya ruhusa aje aseme mwenyewe. Shahidi wa nje simpokei kwa salamu za kuletewa."

"Atakuja, Maalim, inshallah," Kabiru alisema, akiitia hiyo inshallah kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga iliyoanza kuchacha. Akaenda zake akipiga mluzi. Hadi siku ya ruhusa, Nuhu angekuwa ameshapata udhuru. Watu wasiokuwapo hawakosi udhuru.

Siku chache baadaye alikuwa anapita jikoni, Shiru akamwita kwa mwiko. Shiru alikuwa mpishi wa madrasa. Jumapili aliimba kwaya kanisani, na siku nyingine alipigana na sufuria za vijana wa Kiislamu bila kuona ajabu yoyote.

"Wewe Kabiru! Huyo mgeni wako ni mtu wa aina gani? Nimempa chai, hakunywa."

"Mgeni gani, mathe?"

"Si huyo wa Subukia. Amekaa hapo kwa benchi, viatu ameshika kwa mkono. Nikamwambia weka hizo viatu chini, hapa hakuna mwizi. Akasema tu anakungoja."

Kabiru akacheka. Alicheka vizuri, kwa kifua chote. "Anakaaje, mathe?"

"Anakaa kama watu wa Subukia."

"Hapana, uso. Uso wake ukoje?"

Shiru akafikiri. Akakoroga ugali, akafikiri tena. "Aki, hata sijui. Nilikuwa naangalia sufuria."

Kicheko cha Kabiru kilidumu mpaka chumbani, ambako alimkuta Kipkoech akishona kitufe cha kanzu.

"Wewe ni mbaya," alimwambia. "Kanzu hiyo umeitoa wapi? Na viatu kwa mkono! Nusura nikuamini."

"Unaongea nini?"

"Nuhu, bwana. Nuhu wa Subukia."

"Nuhu gani?"

Kipkoech hakuwa mwigizaji. Alipojaribu kudanganya masikio yalimwiva kama nyanya, na sasa masikio yalikuwa na rangi yake ya kawaida. Hapo Kabiru akakumbuka jambo alilopaswa kulikumbuka kule jikoni: habari ya Nuhu, na haya yake, na viatu vyake, alikuwa hajamwambia Kipkoech. Alikuwa amemwambia mtu mmoja tu chini ya jua. Na Maalim Kiplimo hakuwa mtu wa kwenda jikoni kufanya vichekesho na mpishi.

"Sahau," Kabiru akasema. "Ni stori."

"Lakini kuna mtu darasa la zamani," Kipkoech akasema, akikata uzi kwa meno. "Jana nimepita hapo nikasikia kurasa zinafunguliwa. Kurasa tu. Halafu kimya. Halafu tena. Kama mtu ametafuta mahali, amepapata, sasa anangoja msomaji. Nikadhani ni wewe unarudia, nikafurahi."

Kabiru akageukia ukuta.

Kesho yake Maalim akamsimamisha mlangoni. "Rafiki yako leo sijamwona hata mgongo."

Na kabla akili haijafika, mdomo ulikuwa umeshafika. "Ana kikohozi, Maalim. Amelala."

Alasiri hiyo walikuwa katika sijida, vipaji vya nyuso vimeshika mkeka, msikiti mzima umenyamaza ule unyamavu wa watu wengi wanaonong'ona ndani kwa ndani. Mtu akakohoa. Sauti haikutoka katika safu. Ilitoka mbele, ng'ambo ya ukuta wa kibla, mahali pasipo na kitu ila darasa la zamani. Kilikuwa kikohozi kikavu cha adabu, cha mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja asiwasumbue wanaoswali. Kikaja tena katika rakaa iliyofuata. Kabiru alikaa katika sijida ile hadi wenzake walipokuwa wameshainuka, na mtoto aliyekuwa nyuma yake akafikiri amezidiwa na uchamungu.

Baada ya salamu Maalim aligeuka, uso umejaa upole. "Kabiru, mpelekee mwenzako tangawizi. Na umwambie mgonjwa halazimiki kuja."

Unaweza kumkatalia Maalim mbele ya safu tatu za watu? Basi Kabiru akachukua kikombe kwa Shiru, chenye mvuke na kipande cha ndimu, akazunguka nyuma ya msikiti. Jua lilikuwa bado kali. Upepo ulikuwa umetoka upande wa ziwani na kuleta vumbi lile jeupe linaloingia hata kwenye mswaki. Lilikuwa limelala juu ya majani, juu ya dirisha, juu ya waya wa mlango. Waya ulikuwa umefungwa. Ulikuwa umefungwa kwa kutu ya miaka, na hakuna mkono uliokuwa umeugusa.

Akachungulia penye upenyo wa mbao za dirisha.

Paa lilikuwa limetoboka na mwanga ukishuka kwa vipande. Sakafu nzima ilikuwa nyeupe kwa vumbi, na katikati ufa mweusi ulipita kama mstari uliochorwa na mtu mwenye hasira. Upande wa huku palikuwa na mkeka. Mkeka huo ulikuwa msafi, umepangusiwa mtu. Upande wa kule palikuwa na mkeka mwingine, na juu yake mtu aliyevaa kanzu ya kijivu, ameupa mlango mgongo, viatu vyake viwili viko ubavuni vimepangwa sawasawa. Mbele yake msahafu ulikuwa wazi juu ya marfaa. Mkono ulitoka, ukafunua ukurasa kurudi nyuma, ukafunua mwingine, ukatulia. Kisha yule mtu akainamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama afanyavyo kila msikilizaji anaposubiri Bismillahi.

Kabiru aliweka kikombe juu ya kizingiti cha dirisha. Hakukimbia, kwa kuwa kukimbia ni kukubali. Alitembea tu kwa namna ambayo mtu mwingine angeiita mbio.

Asubuhi Shiru alimkuta penye mifereji ya maji, ameshika kiuno. "Mambo ya huyo mgeni wako siyataki. Amerudisha kikombe kwa jikoni yangu vile kilienda. Kimejaa. Na vumbi juu yake kama uji umeganda."

Ndipo Kabiru akamweleza Kipkoech yote, kwa sauti ya chini, kando ya kamba za kuanikia nguo. Kipkoech alisikiliza bila kumkatiza, na Kabiru alipomaliza, akachomoa kibanio cha nguo kambani.

"Kwa hivyo ulimtengeneza."

"Sikumtengeneza. Nilimsema tu."

"Na ukasema anakungoja kila siku akusikilize."

"Nilisema tunasoma. Sikusema anangoja."

"Sasa wewe huendi kusoma. Yeye atafanya nini?" Masikio ya Kipkoech yalikuwa yamepauka. "Ingia umsomee."

"Wewe ni mwendawazimu?"

"Si hiyo ndiyo kazi yake? Ukikosea atakwambia urudi, kama mimi."

"Wewe nakujua!"

"Na yeye unamjua. Unamjua kuliko mtu yeyote hapa Nakuru. Ama mwambie Maalim ukweli. Atakupigia kelele, atakuambia urudie, na mambo yaishe."

"Na babangu? Ameshaambia Elburgon yote. Nimwambie nini, shimo?"

Lakini Kabiru alikuwa ameshaona mlango wa tatu, na aliuona palepale, kwa maana akili yake haikuwahi kuwa mbovu, ilikuwa na miguu mifupi tu. Kama yule mtu alikuja kwa kusemwa, basi ataondoka kwa kusemwa. Akapima maneno yake siku nzima. Hakuthubutu kumwuguza zaidi, wala kumpa msiba, wala kumgusa yule shangazi wa Section 58 ambaye labda naye sasa alikuwa mahali fulani akimenya viazi. Akachagua uongo mwepesi kabisa, usio na damu.

"Maalim, Nuhu amerudi Subukia. Kikohozi kimepona. Ng'ombe wamebaki peke yao."

"Alhamdulillahi kwa afya," Maalim akasema, na kweli alihuzunika. "Hata hakuniaga."

Alasiri ile hakuna aliyekohoa. Kabiru akasikiliza kwa mwili wote; ng'ambo ya ukuta palikuwa na upepo na mbao zilizolegea. Kesho yake akazunguka nyuma kwa kisingizio cha kutafuta mpira, akachungulia. Vumbi lilikuwa limefunika sakafu nzima, sawasawa, bila mkeka, bila alama ya mtu aliyewahi kukaa. Kabiru akala sahani mbili za maharage. Jioni alikuwa amerudia mizaha yake, akamwita Kipkoech mwoga, akaiga namna Maalim anavyopiga chafya. Kipkoech hakucheka.

"Umerudia Shu'araa?" alimwuliza.

"Kesho."

Jibu lilikuwa hilo hilo kila alipoulizwa, hata ikafika Ijumaa ya mwisho kabla ya mfungo, ambayo ndiyo siku ya ruhusa.

Mzee Kiarie alikuja kutoka Elburgon na wazee wawili wenzake, wote watatu mbele katika lori la mbao, wamebanana na dereva, wamevaa kofia mpya ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya dukani. Mikono ya Mzee Kiarie ilikuwa ile mikono ya mashine, kidole kimoja kifupi, na alipomkumbatia mwanawe alinuka mbao mbichi. "Imamu wangu," alimwambia sikioni.

Wakakaa msikitini baada ya Alasiri, wanafunzi nyuma, wageni mbele, Maalim katikati. Wanafunzi wawili wakapewa ruhusa zao. Wasikilizaji wakasimama, wakasema neno lao, wakaketi. Kisha Maalim akamtazama Kabiru kwa huruma ya kweli.

"Huyu mtoto wenu ana sauti, na nimeambiwa ana hifdhi," akawaambia wazee. "Lakini msikilizaji wake alikuwa mgeni, na ameondoka kwenda kwao Subukia. Na mimi hapa sitoi ruhusa bila neno la aliyesikiliza. Mtanisamehe. Huenda mwakani."

"Mwakani?" Mzee Kiarie alisema. Hakuinua sauti. "Maalim, watu wameshaambiwa. Wamama wametengeneza mahali pao nyuma, wameweka pazia. Hakuna mwingine aliyemsikiliza?"

Maalim akageuka. "Kipkoech?"

Kipkoech alikuwa akiangalia mkeka. Masikio yake yalikuwa yanawaka. "Nilimsikiliza siku moja tu, Maalim. Afadhali umwulize yeye mwenyewe."

Watu wote wakamtazama Kabiru. Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi, na Kipkoech ndiye aliyeufungua, kwa gharama ya masikio yake. Ukweli wenyewe haukuwa mrefu. Kabiru alimtazama babake, akaona kofia mpya na mikunjo yake, akaona kile kidole kifupi kikisugua goti. Akajua kwamba akipata muda kidogo tu, dereva wa lori ataanza kupiga honi, giza litakaribia, wazee watabembeleza, na Maalim moyo wake utalainika.

"Maalim," akasema, "Nuhu yuko njiani. Amenipigia simu. Atafika sasa hivi."

Kipkoech akainua kichwa. "Kabiru, hapana," alisema polepole.

Nje, kwenye kokoto za uani, mtu akakohoa.

Kikohozi kile kilisogea bila haraka hadi mlangoni. Kikanyamaza. Kijana wa kanzu ya kijivu akaingia, viatu mkononi, akainama kidogo kwa adabu, akakaa nyuma kabisa ya wanafunzi wote, jua la mlangoni likiwa mgongoni mwake, hata ukimtazama uliona umbo na kanzu, na pale ambapo ungetarajia uso macho yalikuambia ungoje kidogo. Hakuna aliyeona ajabu. Mwanafunzi aliyekuwa karibu alimsogezea nafasi.

"Huyu hapa!" Mzee Kiarie akasema, na furaha ikamwinua nusu ya kusimama. "Karibu, kijana, karibu mbele! Wewe ni wa nani huko Subukia?"

"Mimi ni wa Kabiru," kijana akajibu.

Wazee wakacheka, wakapigana mabega. Vijana wa siku hizi na urafiki wao! Hata Maalim akatabasamu. Kabiru peke yake ndiye aliyeijua sauti ile ilipotoka, kwa kuwa ilikuwa ile ile ambayo huwa anaisikia ndani ya kichwa chake kabla ya kusema jambo lisilokuwapo.

"Nuhu Kang'ethe," Maalim akasema, na sasa hakutabasamu. "Ushahidi ni amana. Uko mbele ya Mola wako na mbele ya watu hawa wanaotaka kuswali nyuma ya mwenzako. Umemsikiliza?"

Kijana akaviweka viatu vyake chini, kimoja kando ya kingine, akavisawazisha.

"Nimekaa katika darasa lile kila siku aliyosema, Maalim," akasema. "Msahafu nilikuwa nimeufungua mahali alipoacha, na mkeka wake nilikuwa nimeupangusa. Hajanisomea hata Bismillahi."

Mzee Kiarie akamgeukia mwanawe, bado ana mabaki ya kicheko usoni, hajui ayaweke wapi. Kabiru akafungua mdomo. Na kule nyuma, jua likiwa mgongoni, yule kijana akainamisha kichwa kidogo upande mmoja, akangoja asikie atasema nini.